Dakika Sita za Mzee Ofwono

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne, nikarudishwa kabla ya chakula cha mchana. Nawaambia mapema, vijana, msije mkadhani anayewaandikia alizaliwa akijua waya upi unaingia wapi.

Studio ilikuwa Busia, upande wa Kenya, nyuma ya duka la mabati, karibu kabisa na geti la mpaka. Mimi nilitoka Dabani, upande wa Uganda, msichana mpiga kinanda wa kanisa, jina langu Nabwire. Nilivuka mpaka kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope, nikavivaa mlangoni ili nionekane mtu.

Mwenye studio tulimwita Mkurugenzi, ingawa alichokiongoza ni chumba kimoja kilichobandikwa magunia na trei za mayai ukutani. Alinionyesha kinanda ambacho sikuwahi kuona mfano wake. Watu wa kazi walikiita wakstesheni, yaani kinanda chenye sauti za mamia ya ala ndani yake, ngoma zake, na kumbukumbu ya kutungia wimbo mzima bila kuinuka kitini. Pembeni ilikaa kompyuta pana, rangi ya maziwa yaliyolala.

"Msichana, naenda kwa clearing agent wa forodha," akasema. "Nikirudi nataka nikute hii inaongea na hiyo."

Nyuma ya kinanda kulikuwa na matundu ya pini tano, moja limeandikwa kuingia na jingine kutoka. Waya wa kompyuta nao ulikuwa na ncha mbili, zimeandikwa vivyo hivyo. Nikaunganisha kutoka na kutoka, kuingia na kuingia, nikaketi nikijiona msomi. Mkurugenzi aliporudi akabonyeza kinanda, na kompyuta ikabaki kimya.

"Umeunganisha mdomo na mdomo!" akafoka. "Mdomo unaongea na sikio! Nani alikutuma hapa? Toka!"

Nilitoka, lakini sikwenda mbali. Nilikuwa nimechukua kitabu cha maelezo ya kinanda bila kujua, kimebaki kwapani, nikaketi kwenye ngazi za duka la mabati nikakisoma kwa hasira. Huko ndani Mkurugenzi alibadilisha nyaya, kinanda kikaongea na kompyuta, lakini kila alichobonyeza kilisikika mara mbili, kama watu wawili wasiopatana. Mteja alikuwa amekwisha kufika. Nikasikia Mkurugenzi ananiita kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu aliyenifukuza.

Nilikuwa nimeshaupata ukurasa wenye jibu. Kidole kinapobonyeza, kinanda hujipigia chenyewe sauti ya ndani, na papo hapo hupeleka amri kwenye kompyuta, ambayo nayo hukirudishia amri ile ile. Dawa yake ni kuzima njia ya ndani, ili amri izunguke kwanza kupitia kompyuta. Nikaizima, na sauti ikawa moja.

"Kumbe unasoma," akasema Mkurugenzi, bila kunitazama. Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Miaka niliyokaa chini yake nilijifunza mambo ambayo leo mnayapata kwa kubofya. Nilijifunza kwamba ule waya haubebi sauti hata chembe. Unabeba amri tu: kidole kimegusa wapi, kwa nguvu gani, kimeinuka lini. Sauti yenyewe hupita njia yake, kwenye nyaya nene, hadi kadi ya sauti ya kompyuta. Nilijifunza kupima uchelewaji, ule upenyo kati ya kidole na sikio: ukiipa kompyuta muda mdogo wa kufikiri inakwaruza, ukiipa mwingi mpigaji anajikwaa. Na nilijifunza kwamba kumbukumbu ya kunasia sauti ndani ya kinanda huishi kwa umeme. Ukikizima bila kuhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, ulichonasa kimekwenda, na hakuna wa kumlilia.

Mkurugenzi alipohamia Kisumu, nilichukuliwa na studio ya Tororo. Bosi wa huko tulimwita Injinia. Hakusomea uinjinia popote, lakini alifungua redio na kuifunga tena huku akizungumzia mambo mengine. Mkurugenzi alifoka, Injinia alinong'ona, na mimi niliogopa zaidi kunong'onewa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kunyoosha. Kulikuwa na programu iliyoonyesha sauti ya mwimbaji kama mstari unaopinda juu ya ngazi za noti. Unaukamata mstari, unauvuta hadi ukae sawasawa na vidole vya kinanda. "Nabwire," aliniambia, "mteja hataki ukweli. Anataka atoke hapa akiwa msafi." Nikawa hodari. Nilinyoosha kwaya za Masaba, nilinyoosha wahubiri, nilimnyoosha hata katekista mmoja aliyekuwa akiimba kama mlango usiotiwa mafuta, mke wake akatokwa na machozi ya furaha. Nilikuwa na majivuno, sitaficha. Nikisikia sauti iliyokaa kando ya noti niliwashwa, kama mtu aliyeona picha imening'inizwa upande.

Tulikuwa na desturi nyingine pale, na hii ndiyo iliyotaka kunimaliza. Diski za kompyuta zilikuwa zinajaa upesi. Kwa hiyo ukishanyoosha, unahifadhi juu ya faili la kwanza. Cha zamani kinafutwa, kilichonyooshwa kinakalia kiti chake. Injinia aliita hiyo kufagia, na mimi nilifagia kila siku bila kufikiri.

Asubuhi moja aliingia mwalimu wa shule ya msingi kutoka Iyolwa, anaitwa Athieno, amemshika mkono baba yake. Mzee Ofwono alikuwa ndiye mwimbaji wa matanga wa ukoo wao. Alibeba tongoli, kinubi kidogo cha Wajopadhola, kimefungwa ndani ya shuka. Shingoni alikuwa na uvimbe. Siku iliyofuata madaktari wangemfanyia upasuaji wa koo, na walikuwa wamewaeleza wazi: wakitoa ugonjwa, sauti inatoka nao. Gari la kumpeleka lingekuja kumchukua pale studio saa kumi alasiri.

"Auntie, anataka aache sauti yake mahali," Athieno akasema. "Kwa ukoo yetu hakuna mwingine anajua hii wimbo yote."

Mzee alizungumza polepole, kwa mkwaruzo. "Hii wimbo haiimbwi kama hakuna mtu amekufa. Kwetu ni mwiko. Lakini leo msiba iko. Mimi nazika sauti yangu. Naimba mara moja. Binti ya Dabani, usiniambie rudia."

"Sitakuambia, Mzee," nikasema.

Aliimba ilipofika saa tatu na nusu asubuhi. Niliigawa sauti yake kwenye mikseri: njia moja ikaenda kwenye kompyuta ya kubeba, yenye betri yake, nyingine ikaingia kwenye kinanda. Hiyo ya kinanda yalikuwa mazoea yangu tu. Nilipenda kunasa mwimbaji, baadaye nikakata "oo" moja ndefu ya kutandika chini ya muziki. Mzee aliwaita wafu wao mmoja mmoja, kwa majina, na tongoli ikimjibu. Mwisho akaaga. Ilikuwa dakika sita na kitu. Alipomaliza alitema damu kwenye leso, Athieno akamshika, wakaenda kwa jamaa yao hapo karibu kupumzika wakisubiri gari.

Nikabaki na kazi yangu. Mstari wa sauti ya Mzee ulipinda ovyo, haukukaa kwenye noti hata moja. Niliuhurumia. Nikaunyoosha wote, kwa upendo kabisa, nikaweka na kinanda cha kanisa chini yake, taratibu. Nikahifadhi juu ya faili la kwanza. Ilipotimia saa tisa nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Walirudi saa kumi kasoro dakika ishirini kusikiliza kabla ya safari. Mzee alisema kusikiliza si kosa, maana jua halijatua na msiba wa sauti yake bado ni wa siku ile ile. Nikacheza wimbo. Injinia alisimama mlangoni, mikono nyuma, amefurahi.

Athieno alisikiliza hadi jina la pili. "Auntie, huyu ni nani?"

"Ni baba yako."

"Hapana. Baba akiimba analia ndani yake. Huyu iko tu anasoma majina, kama darasani."

Nikasimamisha. Mzee alikuwa akizitazama spika kama mtu aliyesalimiwa na asiyemjua. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Nilikosea wapi?" akauliza. "Nionyeshe, nijue kabla sauti haijaenda."

Miaka yote ile nilikuwa nimevuta mistari ya watu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia ukweli: kwamba hakukosea, kwamba ni mimi niliyeigusa, na kwamba ile ya kwanza nimeifuta. Athieno alikaa chini sakafuni, kwenye nyaya.

"Aimbe tena," Injinia akanong'ona. "Dakika sita tu, gari halijafika."

"Nimekwisha kutoa," akasema Mzee. "Wale nimewaita wameitika. Siwezi kuwaamsha mara mbili kwa siku moja."

"Na daktari amesema asitoe sauti," Athieno akasema. "Mliona damu."

Hapo ndipo nilipokiona kinanda. Taa yake ilikuwa bado inawaka. Asubuhi nilikuwa nimewasha kunasa, na kwa haraka ya kumsaidia Mzee na damu yake sikuwa nimekata wala kufuta chochote. Nikabonyeza kidole kimoja cha kinanda. Mzee Ofwono akatoka humo, mzima, amepinda vilevile kama alivyokuja. Nikainua kidole upesi.

"Mtu asiguse chochote!" nikapiga kelele, mimi niliyekuwa sijapata kumpigia kelele Injinia.

Kabla sijamaliza neno, umeme ukakatika. Feni ikalegea ikasimama. Kutoka chini ya meza UPS, kisanduku cha betri cha kushikilia mitambo umeme ukikatika, ikaanza kulia, pii, ikanyamaza, pii. Kinanda hakina betri. Kilikuwa kinaishi kwa kile kisanduku tu, na betri ya kile kisanduku ilikuwa kuukuu. Mara ya mwisho ilitupa kama dakika saba hivi.

Mkumbuke nilichosema kuhusu kadi. Mlango wa kadi wa kinanda chetu ulikuwa umekufa miezi mingi, na Injinia alisema tutaushughulikia. Waya wa kwenda kompyuta ulibeba amri, si sauti. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuucheza wimbo wote kutoka kwenye kinanda na kuunasa upya kwenye kompyuta, kwa urefu wake. Dakika sita na kitu, ndani ya dakika saba za kubahatisha.

Niliwaambia Injinia na Athieno wachomoe kila kitu kwenye UPS isipokuwa kinanda. Spika, mikseri, taa ya meza, vyote. Nikatoa waya wa sauti nyuma ya kinanda nikauchomeka moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya nje inayokula umeme wa kompyuta yenyewe. Nikaipa kompyuta muda mrefu wa kufikiri ili isikwaruze. Nikafifisha kioo cha kinanda kisile betri. Ukubwa wa sauti niliukisia. Nafasi ya kujaribu haikuwepo. Nikavaa hedfoni, nikabonyeza nasa, nikaweka kidole kwenye Do ya katikati.

Nieleze hapa jambo dogo. Sauti iliyonaswa hivyo hucheza kwa kasi yake halisi kwenye kidole kimoja tu cha kinanda. Ukibonyeza cha kulia mtu anakuwa mtoto, cha kushoto anakuwa jitu. Na hucheza mradi kidole cha mpigaji kimeshikilia. Kikiinuka, inakatika, na kuanza ni kuanza upya.

Nilishikilia. Jina la kwanza, jina la pili. UPS ikalia. Dakika ya pili jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kujifuta kwa mkono wa pili nisije nikatikisa. Athieno aliona, akanifuta kwa leso yake. Dakika ya tatu kidole kikaanza kufa ganzi, nikakiwekea kingine juu. Injinia alikuwa amepiga magoti chini ya meza, ameishika plagi ya UPS kwa mikono miwili, kwa sababu tundu lake lilikuwa limelegea na sote tulilijua. Mzee peke yake ndiye aliyetulia. Hakusikia chochote ila zile pii, maana sauti yake yote ilikuwa ikipita masikioni mwangu.

Dakika ya tano pii zikafuatana. Nilikuwa nikiomba kwa Kisamia, maneno ya mama yangu. Jina la mwisho likaitwa, tongoli ikajibu. Mzee akavuta pumzi ya kuaga, niliisikia ile pumzi, kisha UPS ikatoa mlio mmoja mrefu na kinanda kikazima chini ya kidole changu.

Kompyuta iliendelea kunasa kimya. Nikasimamisha. Nikahifadhi kwa jina jipya, nikahifadhi tena kwa jina jingine, nikahifadhi mara ya tatu. Kisha nikavua hedfoni nikalia mbele yao wote.

"Imefika wapi?" Mzee akauliza.

"Wote umewaita, Mzee. Wameingia wote. Kuaga ndiko hakumo. Hakutarudi."

Nje gari likapiga honi. Mzee akafikiri, mkono shingoni.

"Basi hiyo ya kuaga bado haijazikwa," akasema. "Lete maikrofoni."

"Baba!" Athieno akasimama. "Daktari..."

Mzee alimwinulia kiganja. Nikaweka maikrofoni mbele yake, kwenye kadi ile ile, kwa umeme wa kompyuta uliobaki. Tongoli ilikuwa imekwisha kufungwa. Aliaga bila kinubi, kwa mstari mmoja mrefu, na katikati sauti ilipasuka ikaendelea hivyo hivyo imepasuka. Alipomaliza aliinama karibu na sikio langu. Yale ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa sauti yake.

"Binti, hii usinyooshe."

Injinia alitaka, baada ya wiki, niufiche ule mshono ambapo kinubi kinakatika na sauti nyingine inaanza. Nilimwambia akiugusa nitavuka mpaka jioni hiyo hiyo na hataniona tena. Akaenda kununua mlango mpya wa kadi. Kufagia nilikuacha siku hiyo. Kila faili la kwanza nililiweka kando, na kabla ya kumvuta mtu mstari wake nilimwita kwanza asikilize. Wengi walitaka kunyooshwa, nikawanyoosha. Wachache walisema acha, nikaacha.

Nilistaafu masikio yalipoanza kunidanganya kwenye sauti nyembamba. Sikuona haya. Nimerudi Dabani, nina kuku na kinanda kidogo cha plastiki. Vijana wananitembelea na mitambo inayojiunganisha yenyewe bila waya, wananicheka ninapouliza kama wamehifadhi. Mimi pia nawacheka, maana nimewaona wakitafuta faili kwa macho ya mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

Lakini kazi yangu ya mwisho niliifanya baada ya kustaafu. Mzee Ofwono aliishi miaka mingi bila sauti. Alilima, aliandika kwenye kibao, aliita wajukuu kwa kupiga makofi. Alipofariki Athieno alinipigia simu, nikapanda bodaboda mbili hadi Iyolwa na kompyuta yangu ndani ya kanga. Hakukuwa na kinanda. Tuliweka spika mbili karibu na jeneza, jenereta likawekwa mbali nyuma ya nyumba lisisikike. Wimbo huo haukuwa umechezwa tangu siku ile, kwa sababu ya mwiko wao. Sasa palikuwa na mtu amekufa.

Nikabonyeza. Wazee walipolisikia jina la kwanza waliinuka. Binti yake Athieno, Nyafwono, mtoto wa miaka sita hivi, aliacha kula muwa.

"Mama, nani anaimba?"

"Babu."

"Babu hana sauti."

"Alikuwa nayo," Athieno akasema.

Mtoto alilitazama jeneza, akazitazama spika, akaenda akaweka sikio kwenye spika moja. Alikaa hapo hadi mstari ule uliopasuka ulipokwisha, hadi pakawa kimya. Kisha akaja akanishika goti.

"Bibi, mwambie arudie."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Maisha yangu yote nimerudia nyimbo, mara kumi, mara mia, kwa yeyote aliyeniomba. Nilimtazama Athieno. Alikuwa akilia, na alitikisa kichwa.

"Hairudiwi, mama," nikamwambia mtoto, na nikafunga kompyuta.